Mfungaji Aliyeanzia Langoni Kwake

Jumamosi ya Oktoba 22, 1960, Middlesbrough walikwenda London kucheza na Charlton Athletic, wakafunga mabao sita, na wakarudi kwao na pointi moja. Mechi iliisha 6-6. Mshambuliaji wao wa kati, Brian Clough, alikuwa amefunga matatu kati ya hayo, na baadaye aliwauliza wenzake kwa kejeli ni mabao mangapi hasa yangetosha kuwapa ushindi. Swali hilo husimuliwa kama mfano wa ulimi wake mkali, maana Clough anayekumbukwa ni Clough wa ulimi: yule wa televisheni, wa vijembe, wa kujisifu mchana kweupe. Mimi nalichukua kama swali la hesabu. Nadhani ndilo alilolijibu katika maisha yake yote ya umeneja, kuanzia 1965 hadi 1993, na jibu lake linashangaza likitoka kwa mmoja wa wafungaji hodari kuliko wote waliowahi kucheza ligi ya England. Alijibu kwamba timu huanza kujengwa kwa kipa na mabeki wa kati, na kwamba bao, kitu kilekile kilichompa jina, halina thamani kubwa mahali ambapo nyuma pako wazi.

Kwanza tuone alikuwa mfungaji wa namna gani, maana bila kulijua hilo ajabu yenyewe haionekani. Katika msimu wa 1956/57 alifunga mabao 38 ya ligi, uliofuata 40, uliofuata 43, kisha 39, kisha 34. Ni misimu mitano mfululizo, Daraja la Pili, timu moja. Alipohamia Sunderland mwaka 1961 hakupunguza mwendo: mabao 29 katika mechi 34, halafu 24 katika mechi 24. Ukijumlisha yote unapata mabao 251 katika mechi 274 za ligi, wastani ambao hata leo humfanya msomaji aangalie tena asije akawa amekosea kusoma. Sasa geuza ukurasa uone faida yake. Kwa Middlesbrough, mabao 197 ya ligi hayakuwapandisha daraja hata mara moja. England ilimwita mechi mbili tu, dhidi ya Wales na Sweden mwezi Oktoba 1959, na hakufunga. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, lakini mchukuzi huyu alikuwa akilipwa kwa kile kilichofika. Alifikia hatua ya kuwatuhumu hadharani baadhi ya wenzake kwamba walikuwa wakifungwa kwa makusudi kwa ajili ya kamari. Wengi waliona ni maneno ya mtu mwenye majivuno, hadi uchunguzi wa miaka iliyofuata ulipoonyesha kwamba baadhi ya wachezaji waliowahi kuwa naye pale walikuwa kweli katika biashara ya kuuza mechi.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu umeneja wake huanzia kwingine. Huanzia Roker Park, Desemba 26, 1962, Sunderland wakicheza na Bury kwenye uwanja ulioganda kwa baridi, Clough alipokimbilia pasi na kugongana na kipa Chris Harker. Kano za goti zilikatika. Alikuwa na miaka 27, na katika enzi ile jeraha la namna hiyo lilikuwa mwisho. Alirudi mwaka 1964 akacheza mechi tatu za Daraja la Kwanza, akafunga bao moja, akaacha. Kutoka hapo waandishi wengi hutuchorea mtu mwenye kinyongo, aliyeporwa nusu ya riziki yake akaenda kuidai upya kando ya uwanja. Sikatai kwamba kinyongo kilikuwapo. Ila kinyongo hueleza nguvu tu, hakielezi mwelekeo. Mshambuliaji aliyeporwa mabao yake, akiongozwa na kinyongo peke yake, angetarajiwa kujenga timu ya kufunga mabao kwa niaba yake. Mwamba ngoma huvutia kwake. Huyu aliivutia upande wa pili kabisa, na hilo ndilo linalodai maelezo.

Hartlepools United, alikoanza Oktoba 1965 akiwa na miaka 30, tunaweza kuipita haraka. Ilikuwa klabu maskini ya Daraja la Nne, ambako meneja alichukua leseni ya kuendesha basi ili awapeleke wachezaji wake mwenyewe. Derby County, kuanzia 1967, ndiko mkono wake unaanza kuonekana. Ni kweli kwamba miongoni mwa wa kwanza kusajiliwa alikuwa mshambuliaji, John O'Hare, aliyemfahamu tangu akifundisha vijana wa Sunderland. Lakini angalia nguzo. Agosti 1967 alimchukua Roy McFarland, beki wa kati wa miaka 19, kutoka Tranmere Rovers kwa pauni 24,000, baada ya kumwamsha usiku nyumbani kwao ili atie sahihi kabla hajapata muda wa kuwaza. Mwaka 1968 alimfuata Dave Mackay wa Tottenham, kiungo wa miaka 33 ambaye kila mtu alidhani amemaliza kazi, akamwambia asikimbie tena bali asimame nyuma kando ya McFarland, aongoze kwa sauti. Mackay, ambaye maisha yake yote ya uwanjani yalikuwa ni kukimbia na kugombania mipira, aliipokea kazi hiyo ya kusimama, Derby wakapanda daraja mwaka 1969 wakiwa mabingwa, na waandishi wa michezo wakampa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, akigawana na beki wa Manchester City, Tony Book. Mackay alipokaribia kuondoka, Clough alimleta Colin Todd mwaka 1971 kwa dau ambalo hakuna beki wa England aliyekuwa amelipiwa. Mwaka mmoja baadaye Derby walikuwa mabingwa wa nchi.

Hapa jedwali la ligi linasema jambo ambalo simulizi za ulimi wake hazisemi. Derby walitwaa ubingwa wa 1971/72 kwa mabao 69 ya kufunga na 33 ya kufungwa. Manchester City wa msimu huohuo walifunga 77, na walikuwa na Francis Lee aliyepachika 33 peke yake, lakini waliruhusu 45 na wakaishia nafasi ya nne. Tofauti ilikuwa pointi moja tu, 58 kwa 57, na sitaki kuipa pointi moja uzito kuliko inavyostahili. Leeds na Liverpool nao walikuwa na 57. Lakini sogea miaka sita mbele. Nottingham Forest ya Clough ilichukua ubingwa wa 1977/78, na katika mechi 42 ilifunga mabao mangapi? Ni 69 tena, yaleyale. Safari hii iliruhusu 24 tu, na pengo kati yake na Liverpool waliokuwa wa pili lilikuwa pointi saba. Everton, waliomaliza wa tatu, walifunga 76 na walikuwa na Bob Latchford aliyefikisha 30 na kushangiliwa nchi nzima. Hakuna mchezaji hata mmoja wa Forest aliyekaribia mabao 20 ya ligi msimu huo. Clough alitwaa ubingwa mara mbili, katika miji miwili tofauti, na mara zote mbili kulikuwa na timu yenye kiatu cha dhahabu iliyoachwa nyuma yake. Kwa yeyote aliyewahi kuwa Middlesbrough, mfano huo haukuwa mgeni. Safari hii alikuwa upande wa waliofaidika.

Namna Forest ilivyojengwa inastahili kuangaliwa kwa utulivu. Mwaka 1977 walipanda daraja kwa taabu, wakiwa wa tatu kwa pointi 52, moja zaidi ya Bolton. Timu iliyoponea hivyo kwa kawaida hutafuta mfungaji, kwa hofu ya kukosa mabao kwenye daraja kubwa. Clough alimnunua Kenny Burns kutoka Birmingham City kwa pauni 150,000. Burns alikuwa amesogezwa mbele huko, akafunga mabao ya kutosha, na alijulikana pia kwa maisha ya vurugu nje ya uwanja. Forest walimrudisha nyuma awe beki wa kati. Tafakari kidogo tendo hilo: mtu aliyefunga mabao 251 ananunua mshambuliaji anayefunga, kisha anamwondoa mbele ya lango la adui. Kando yake alikuwapo Larry Lloyd, beki ambaye Liverpool walikuwa wamemwacha na Coventry wamemchoka. Halafu Septemba, ligi ikiwa imeshaanza, wakamleta kipa Peter Shilton kutoka Stoke City kwa takriban pauni 250,000. Kwa wakati ule, kumlipia mlinda mlango kiasi hicho kulionekana ni kutapanya fedha. Mwisho wa msimu wachezaji wenyewe, kwa kura zao, walimchagua Shilton mchezaji bora wa mwaka. Waandishi wakamchagua Burns. Tuzo mbili kubwa za nchi zilikwenda kwa kipa na beki wa timu moja, na mfungaji wa mabao 30 akabaki na kiatu chake. Kuanzia Novemba 1977 hadi Desemba 1978 Forest walicheza mechi 42 za ligi bila kupoteza, rekodi iliyodumu hadi Arsenal walipoivunja mwaka 2004. Kinachosahaulika ni kwamba nusu ya mechi hizo zilikuwa sare. Timu isiyofungwa hovyo haihitaji kuwa katika siku yake nzuri ili irudi nyumbani na kitu mkononi.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni kwamba haya si mawazo ya Clough bali ya Peter Taylor. Msaidizi wake huyo alikuwa kipa. Walikutana Middlesbrough mwaka 1955, Taylor akiwa wa kwanza kutamka kwamba kijana yule wa timu ya akiba alikuwa mfungaji wa ajabu, na ndiye aliyekuwa na jicho la kutambua vipaji walipokuwa pamoja Hartlepools, Derby na Forest. Kipa kupenda makipa na mabeki si habari. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii: jicho la kumwona McFarland au Burns lilikuwa la Taylor zaidi. Lakini kuona ni kazi moja na kuamini ni nyingine. Mtu wa mwisho kutia sahihi hundi alikuwa mfungaji, na mfungaji wa kawaida angemwambia kipa aache kuvutia upande wake. Tena historia ina jaribio lake dogo. Mwishoni mwa 1973 wawili hao walikuwa pamoja Brighton, Daraja la Tatu, na katika siku nne walifungwa 4-0 na Walton & Hersham, timu ya ridhaa, kwenye Kombe la FA, kisha 8-2 na Bristol Rovers nyumbani kwao. Kipa na mfungaji wenye wazo sahihi, bila wachezaji wa kulibeba, walikuwa meneja na msaidizi wa kawaida kabisa. Na Taylor alipoondoka mwaka 1982, wazo halikuondoka naye. Forest iliyotwaa Kombe la Ligi mwaka 1989 na 1990 ilikuwa na Des Walker katikati ya ulinzi, kijana aliyekuzwa palepale klabuni, mwenye kasi iliyofanya mastraika wa wakati ule waonekane wamefungwa kamba miguuni.

Pingamizi la pili linasema nimesahau jambo la wazi: Clough alikuwa fundi wa watu. Alijua nani akaripiwe na nani akumbatiwe, na bila hilo Burns angebaki mhuni na John Robertson angebaki winga mnene anayevuta sigara. Ni kweli, na hapa ndipo Leeds United hutajwa. Julai 30, 1974, alikabidhiwa mabingwa wa nchi, timu ya Don Revie iliyoruhusu mabao 31 tu katika msimu wa ubingwa. Kama kujenga kutoka nyuma ndiyo siri yote, pale nyumba ilikuwa imeshasimama. Aliondoka Septemba 12, baada ya siku 44, akiwa ameshinda mechi moja kati ya sita za ligi. Wazo langu halielezi kushindwa kwa Leeds, na silazimishi lieleze. Alishindwa kwa sababu aliingia kwa matusi katika nyumba ya watu, akiwaambia kwamba medali zao zimepatikana kwa hila, na wenye nyumba wakamtoa. Ila ona aliowasajili katika siku hizo 44: Duncan McKenzie, O'Hare na John McGovern. Wawili washambuliaji, mmoja kiungo, beki hakuna. Mahali alipoukuta ukuta tayari, hakuugusa. Kipaji chake cha watu kiliamua kama mpango ungetekelezwa. Mpango wenyewe ulikuwa na chanzo kingine.

Kisha kuna Trevor Francis. Februari 1979 Forest walivunja rekodi na kulipa pauni milioni 1 kwa mshambuliaji, na Mei 30 mjini Munich, Francis huyohuyo alifunga kwa kichwa bao pekee dhidi ya Malmö na kuwapa Kombe la Ulaya. Msomaji ana haki ya kuuliza: je, huyu si mfungaji aliyelipa? Alilipa, bila shaka. Lakini alicheza upande wa kulia usiku ule, na bao lake lilitokana na krosi ya Robertson iliyovuka lango zima hadi kwenye nguzo ya mbali, ambako Francis alifika kwa kukimbia kutoka mbali. Na mwaka uliofuata tukaona kilichotokea alipokosekana. Francis alikuwa majeruhi fainali ya Mei 28, 1980, mjini Madrid, dhidi ya Hamburg ya Kevin Keegan. Clough alimwacha Garry Birtles mbele peke yake. Birtles huyu alinunuliwa kwa pauni 2,000 kutoka Long Eaton United, timu ya mtaani ukilinganisha na haya mambo. Robertson akafunga dakika ya 20, na kwa dakika 70 zilizobaki Burns, Lloyd na Shilton wakamwonyesha Keegan kila kona ya uwanja isipokuwa ile aliyoitaka. Fainali mbili za Ulaya, mabao mawili, matokeo 1-0 na 1-0. Clough mchezaji alihitaji mechi moja tu ya Charlton kuyafunga mabao hayo na kubakiwa na la ziada, akapata sare.

Kuna upande wa wazo hili ambao haumpendezi, na nadhani wasifu wake mwingi huupita kwa haraka. Mfungaji huyu hakuwa mnunuzi mzuri wa wafungaji. Alimwacha Peter Withe aende mwaka 1978. Withe ndiye aliyefunga bao la ushindi la Aston Villa katika fainali ya Kombe la Ulaya 1982. Alimwuza Tony Woodcock kwa Köln, kisha Birtles kwa Manchester United, na fedha zikaenda kwa washambuliaji ambao hawakuziba pengo. Mbaya kuliko yote ilikuwa kwa Justin Fashanu, kijana mweusi aliyenunuliwa kutoka Norwich kwa pauni milioni 1 mwaka 1981, akafunga mabao matatu tu ya ligi. Clough aliposikia uvumi kwamba ni shoga alimdhalilisha mbele ya wenzake, akamfungia mazoezi na kuita polisi wamtoe uwanjani. Baadaye alikiri kwa maandishi kwamba alimkosea. Ukatili ule una mizizi yake mingine na siuwekei udhuru wa kimpira. Lakini naona pia kitu kidogo cha kudumu: alikuwa na subira isiyo na mwisho na beki anayekosea, na subira fupi mno na mtu wa namba tisa. Kwa mtu ambaye kwake kufunga kulikuja kama kupumua, mshambuliaji anayesitasita alikuwa kiumbe ambaye hakuweza kumwelewa. Alijua thamani ya beki kwa sababu aliwahi kumkosa. Mfungaji hakuwahi kumkosa. Alikuwa yeye mwenyewe.

Hili lilidai malipo katika msimu wake wa mwisho. Kiangazi cha 1992 Des Walker aliuzwa Sampdoria, na Agosti hiyohiyo, mechi tatu baada ya ligi kuanza, Teddy Sheringham akauzwa Tottenham. Wengi husema Forest walishuka daraja kwa sababu ya kumpoteza Walker, na maelezo hayo yangenifaa sana hapa. Takwimu haziniruhusu. Wakiwa na Walker mwaka mmoja kabla, walikuwa wamefungwa mabao 58. Bila yeye walifungwa 62. Tofauti ni ndogo. Mabao ya kufunga ndiyo yaliyoporomoka, kutoka 60 hadi 41. Mtu anaweza kusema basi hesabu ya maisha yake yote ilikuwa na kasoro. Ningekubali, lakini tazama Arsenal wa msimu huohuo: walifunga 40, pungufu ya Forest kwa bao moja, wakaruhusu 38, wakamaliza wa kumi na kubeba makombe yote mawili ya ndani. Timu inaweza kuishi na mabao 40 ikiwa nyuma pamefungwa, na inaweza kuishi na 60 ya kufungwa ikiwa mbele kuna mtu. Mwaka ule Clough, akiwa amechoka na pombe imeshamla uso, hakuwa na hili wala lile.

Mei 1, 1993, Forest walifungwa 2-0 na Sheffield United kwao City Ground, wakashuka, na mashabiki wakabaki uwanjani wakimwimbia mtu aliyewashusha. Kiatu cha dhahabu cha msimu huo wa kwanza wa Ligi Kuu kilikwenda kwa Sheringham, kwa mabao 22. Mabao 21 aliyafunga akiwa Tottenham. Moja, lililowapiga Liverpool 1-0 katika mechi yao ya ufunguzi, alilifunga akiwa na jezi nyekundu ya Forest, siku chache kabla meneja wake hajamwachia aondoke.